Kuzunguka, Kuzungushwa na Kujizungusha: Istilahi za Molekuli katika Uga Mkali wa Leza

Neno linalomtaabisha mfasiri aghalabu si lile lililotoka mbali. Maneno kama leza, molekuli na elektroni huvishwa tahajia yetu, yakatafutiwa ngeli, na ugomvi ukaisha. Taabu kubwa iko katika maneno ya nyumbani ambayo kila mtu anadhani anayajua. Mojawapo ni kitenzi zunguka.

Msafiri atokaye Handeni kwenda Korogwe ana njia mbili. Aweza kushika barabara inayokwenda moja kwa moja, au aweza kuzunguka kwa kupitia Mkata na Segera. Katika safari hiyo magurudumu ya basi lake yanazunguka. Akifika Korogwe aweza kuzunguka mjini akitafuta nyumba ya ndugu yake, na akiipata aweza kuizunguka ili aingie kwa mlango wa nyuma. Hapo tumetumia kitenzi kimoja kwa mambo manne: kupita njia ndefu, kupinda juu ya ekseli, kutembea huku na huko, na kupita pande zote za kitu. Katika mazungumzo hakuna hasara yoyote, kwa kuwa basi, mji na nyumba vyote vinaonekana kwa macho, na msikilizaji hukamilisha maana mwenyewe.

Molekuli haionekani. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba "molekuli ya oksijeni huzunguka katika nuru ya leza," mwanafunzi hana kitu cha kukamilishia maana ila sentensi yenyewe. Mmoja ataona molekuli ikiuzunguka mwale kama mlinzi azungukavyo ghala. Mwingine ataiona ikitangatanga ndani ya mwale. Atakayeiona ikipinduka juu ya kitovu chake, bila kuhama mahali, atakuwa amebahatisha tu. Wanafunzi wengi wa Handeni na Korogwe hujenga picha zao za kwanza za sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha huenda nazo sekondari ambako huvikwa Kiingereza. Picha iliyopindika mwanzoni hupindika katika lugha zote mbili.

Tumechagua suala la molekuli katika uga mkali wa leza kwa sababu humo karibu kila tofauti ya maana tunayoipuuza hulipiza kisasi. Mfasiri wa habari za sayansi atakutana nalo mapema au baadaye. Basi tulieleze jambo lenyewe kwanza, tukipima maneno njiani.

Leza yenyewe ina undugu wa mbali na mawe ya wilaya hii. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, Marekani, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia fito ndogo ya yakuti. Yakuti ile ilitengenezwa kiwandani, haikuchimbwa. Lakini madini yake, korundi, ndiyo yale yale ambayo rangi zake nyingine huitwa yakuti samawi, na ambayo wachimbaji wa Kalalani katika Wilaya ya Korogwe huyatafuta pamoja na ganeti. Chembe chache za kromi ndizo huipa yakuti wekundu wake, na chembe hizo hizo ndizo zilizotoa nuru ya Maiman. Neno leza limefumwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya ukuzaji wa nuru kwa njia ya kuchochea utoaji wa mnururisho. Hatuoni haja ya kulifumua. Limekwisha kukaa, na lina umbo linalotamkika.

Nuru ni uga wa umeme na uga wa sumaku unaotikisika. Neno uga, ambalo asili yake ni ule uwanja ulio wazi mbele ya nyumba, ni miongoni mwa istilahi tunazoziona zimefaulu: mtu asimamaye ugani yumo katika eneo ambalo kila sehemu yake ina jambo lake, na ndivyo uga wa umeme ulivyo. Katika nuru ya leza ya aina inayotumiwa sana katika kazi hii, uga hubadili upande mara trilioni mia kadhaa kwa sekunde, lakini hufanya hivyo juu ya mstari mmoja. Mstari huo tutauita mlalo wa uga. Ziko istilahi zilizojengwa juu ya neno la Kigiriki au la Kiarabu lenye maana ya ncha ya dunia, nasi hatuzilaumu, ila humlazimisha mwalimu kueleza ncha ambazo hapa hazipo.

Ukali wa uga ndio unaozaa kisa chote. Jua la adhuhuri kwenye uwanda wa Handeni huleta takriban sehemu moja ya kumi ya wati kwa kila sentimita mraba. Leza inayotumiwa kupindua molekuli, ikikusanywa na lenzi, hufikia wati trilioni 10 kwa eneo hilo hilo, yaani mara trilioni 100 ya jua. Haiwi moto wa kuangamiza kila kitu kwa kuwa hudumu muda mfupi mno: pigo moja laweza kuwa femtosekunde 100, na femtosekunde moja ni sehemu ya elfu ya pikosekunde, nayo pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde. Mapigo makali namna hiyo yaliwezekana baada ya Donna Strickland na Gérard Mourou kubuni mwaka 1985 njia ya kulinyoosha pigo, kulikuza likiwa limenyooka, kisha kulikunja tena. Kwa kazi hiyo walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018. Ukali ukizidishwa mara kumi na zaidi, molekuli huanza kung'olewa elektroni, na hiyo ni habari nyingine.

Sasa molekuli. Ile ya oksijeni ni atomi mbili zilizoungana, mfano wa mchi ulionenepa ncha zote mbili. Uga wa leza huzisukuma elektroni zake mbele na nyuma, nazo husogea kwa wepesi zaidi kufuata urefu wa mchi kuliko kuukata. Kwa hiyo mchi uliokaa mshazari huvutwa ulale juu ya mlalo wa uga. Nguvu hii ya kuvuta kitu kipinde juu ya kitovu chake tunapendekeza iitwe msokoto, kwa kuwa kitenzi sokota kimekwisha kufanya kazi hiyo kwa karne nyingi mikononi mwa wasokota kamba. Bretislav Friedrich na Dudley Herschbach walieleza mwaka 1995 kwa hesabu jinsi uga wa leza unavyoweza kuzilaza molekuli. Mwaka 1999 kundi la Henrik Stapelfeldt huko Aarhus, Denmark, lilionyesha jambo hilo kwa molekuli za iodini.

Tumesema kuzilaza. Neno hili tumelichagua kwa hadhari, na hapa twaomba msomaji aandamane nasi hadi kiwanda cha mkonge, ambacho mtu wa Korogwe hahitaji kuelezwa kilivyo. Majani yaliyokatwa shambani hufikishwa kwenye korona, hutandazwa juu ya mkanda yakiwa sambamba, hubanwa, na ngoma yenye visu butu hulipara kila jani nusu moja. Kisha hubanwa upande wa pili na ngoma nyingine hupara nusu iliyobaki. Zinazotoka ni singa, zinazooshwa, kuanikwa na kupigwa brashi.

Chukua majani kumi ya mkonge. Ukiyatandaza sambamba, matano miba yake ikiwa kushoto na matano miba yake ikiwa kulia, umeyalaza. Ukiyageuza hata miba yote kumi ikawa upande mmoja, umeyaelekeza. Kiingereza cha wanafizikia kina neno kwa kila moja ya hali hizi mbili, wala hawazichanganyi. Sisi tumezoea kuandika mpangilio kwa zote, au, vibaya zaidi, mwelekeo. Sasa leza ya kawaida, ambayo uga wake hugeuka mbele na nyuma kwa kasi tuliyoitaja, haiwezi kutambua kichwa na mkia. Kabla molekuli haijaanza kugeuka kuufuata uga, uga umekwisha kurudi nyuma mara nyingi. Huweza kuilaza molekuli tu. Kuielekeza kwahitaji kitu cha ziada, mathalani uga tulivu wa umeme usiogeuka, au leza mbili za rangi tofauti zilizooanishwa. Mfasiri aandikaye kwamba "leza moja iliielekeza molekuli" hakukosea mtindo. Amesema jambo lisilo kweli. Tunapendekeza ulazaji na uelekezaji, na neno mpangilio libaki kwa matumizi ya jumla.

Mpaka hapa tumedhani kwamba uga unadumu. Ukiwa mfupi kama pigo la femtosekunde 100, molekuli haiwahi kulala uga ukiwapo. Hupata msukumo tu, nalo pigo huondoka. Hapa kitenzi chetu kinaanza kuonyesha utajiri wake. Pigo likiwapo, molekuli inazungushwa, yaani yuko mtendaji nje yake. Pigo likiisha kupita, hakuna anayeizungusha tena, lakini haisimami, kwa kuwa hakuna ekseli ya kuikwaruza. Sasa inajizungusha. Na kama kweli ingeliuzunguka mwale kwa nje, tungesema inauzunguka, na kiambishi cha mtendwa kingelitangaza jambo hilo ndani ya kitenzi chenyewe. Mnyambuliko watoa bure tofauti tatu ambazo lugha nyingine hulazimika kuzinunua kwa maneno matatu mbali mbali.

Tumewahi kupingwa kwamba jizungusha huipa molekuli nafsi na hiari. Pingamizi hili halituogopeshi. Kamba hujisokota, nguo hujikunja, mlango hujifunga kwa upepo, wala hakuna anayedhani vina roho. Vitabu vyetu vya jiografia vimekwisha kusema kwa miaka mingi kwamba dunia hujizungusha kwenye mhimili wake na hulizunguka jua. Yatosha kuwa na uaminifu huo huo tunapoteremka kutoka kwenye sayari hadi kwenye atomi.

Molekuli nyingi zilizopigwa pamoja hufanya ajabu. Muda mchache baada ya pigo hulala sambamba, kisha hutawanyika kila upande kana kwamba hazijapigwa kamwe, kisha, kwa wakati uliowekwa, hulala tena. Sababu yake ni kwamba molekuli haiwezi kujizungusha kwa kasi yoyote ipendayo, bali kwa kasi za vipimo maalumu tu, ambazo zinafuatana kwa uwiano wa namba kamili. Fikiri wanafunzi wanaokimbia kuuzunguka uwanja wa shule. (Angalia: hawa wanauzunguka, hawajizungushi, mfano wetu wenyewe ungetuponza.) Wa kwanza humaliza duara moja kwa dakika, wa pili mawili, wa tatu matatu, na kuendelea. Katikati ya dakika huwaoni ila wametapakaa. Lakini dakika ikitimia wote hupita mstari wa kuanzia pamoja. Kwa naitrojeni dakika hiyo ni pikosekunde 8.4, na kwa oksijeni ni 11.6. Hii ndiyo hewa tunayoivuta.

Hali hiyo ya kulala tena Waingereza huiita kwa neno lenye maana ya kurudiwa na uhai. Tulipolipima neno ufufuko tuliona linaelemewa na mimbari. Hakuna mwalimu atakayelitamka darasani bila wanafunzi kutazamana. Tunapendekeza mrejeo, na muda wake uitwe muda wa mrejeo.

Kwa mrejeo huja kanuni ambayo watoto wanaocheza pia katika vumbi la Handeni wanaijua bila kitabu. Pia huchapwa kwa kiboko cha kamba. Anayeichapa kwa wakati unaofaa huiongezea kasi, na anayeichapa ovyo huiangusha. Molekuli zikichapwa pigo la pili hasa mrejeo unapotimia, mapigo mawili hujumlishwa. Zikichapwa katikati ya muda huo, pigo la pili huweza kulifuta la kwanza. Mwaka 2006 Ilya Averbukh, Yehiam Prior na wenzao wa Taasisi ya Weizmann walieleza matumizi yake kwa isotopu za naitrojeni, na hesabu yake yafaa kabisa kuandikwa ubaoni. Naitrojeni ya kawaida ina muda wa mrejeo wa pikosekunde 8.38. Ile yenye atomi nzito zaidi, za uzito wa 15 badala ya 14, ina muda wa pikosekunde 8.98. Zidisha 8.98 kwa 7, kisha zidisha 8.38 kwa 7 na nusu: yote mawili ni takriban 62.9. Basi pigo la pili likija pikosekunde 62.9 baada ya la kwanza, hukuta naitrojeni nzito katika mrejeo kamili na kuiongezea, hukuta nyepesi katika nusu na kuituliza. Kemia haiwezi kuzitenga gesi hizi mbili kwa urahisi, lakini hapa kiboko kimoja kimezitambua. Kama mfasiri hakutofautisha zungushwa na jizungusha, hawezi kueleza kwa nini wakati wa pigo la pili una maana yoyote.

Iko njia nyingine ya kuongeza kasi, yenye ukatili zaidi. Badala ya kuichapa molekuli, unaishika usiiachie. Mwaka 1999 Paul Corkum na wenzake huko Ottawa, Kanada, walipendekeza leza ambayo mlalo wa uga wake wenyewe unapinda, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi inayoongezeka. Na mwaka 2000 wakaonyesha kwamba inafanya kazi. Mwale wa namna hiyo ukiutazama kwa urefu unafanana na kamba ya mkonge iliyosokotwa na mtu mwenye kuongeza bidii: mwanzo wake misokoto imelegea, mwisho wake imekaza. Molekuli hulala juu ya mlalo wa uga, mlalo ukapinda, molekuli ikaufuata, hata pigo linapokwisha inajizungusha kwa kasi ambayo joto peke yake haliwezi kuileta. Mwaka 2014 kundi la Valery Milner huko Vancouver lilichunguza molekuli za oksijeni zilizofikishwa karibu mizunguko trilioni 10 kwa sekunde. Katika joto la kawaida molekuli hizo hujizungusha kwa kasi isiyofika, kwa wastani, hata sehemu ya kumi ya hiyo.

Tukiite nini chombo hiki? Pia ya nuru limependekezwa, nalo lavutia sikio, lakini lina kosa: pia ni ile molekuli, nuru ndiyo kiboko. Kizungushi lingeweza kufaa, ila kwetu kiishio hicho humkaribia mno mtenda. Tunaelemea kizungushio cha nuru, kwa mfano wa kifunikio na kipimio, maana kiambishi cha mwisho -o kinatangaza kwamba hiki ni kitu cha kufanyia kazi. Molekuli zilizotoka humo twaweza kuziita molekuli za kasi kuu bila kubuni neno jipya.

Limebaki moja ambalo hatujaafikiana. Katika jaribio la mwaka 2000 molekuli ya klorini ilizungushwa hata atomi zake mbili zikaachana, kila moja ikaruka upande wake. Hakuna aliyezikata, wala hazikupasuliwa na joto; mwendo wao wenyewe uliushinda muungano. Baadhi yetu wameandika kuvunjika, lakini kinachovunjika aghalabu hubaki vipande pale pale. Wengine wanataka kukatika, kama kamba ikatikavyo. Sisi tunapendelea kuchomoka, kwa jinsi kichwa cha shoka lililolegea kinavyouacha mpini mtu anapolizungusha kwa nguvu. Ubaya wake ni kwamba shoka lina kichwa na mpini, na kinachochomoka ni kimoja tu, ilhali atomi za klorini ni sawa na kila moja yaweza kusema imechomoka kwa mwenzake. Wanaotaka kukatika wanaishikilia hoja hiyo, nasi bado hatuna jibu la kuwatosheleza.